UZI: Hedhi imekoma, kinywa nacho kimebadilika. Mama zetu wa Mtwara na Lindi, someni hapa kabla ya kung'oa jino

Tabibu wa Kusini (mleta mada)

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, habari zenu.

Uzi huu ni wa wanawake wa miaka 45 kwenda juu, pamoja na watoto wao watakaowasomea. Mimi ni tabibu wa meno, nafanya kazi huku huku kusini. Ninachotaka kusema ni kimoja: hedhi inapokoma kinywa kinabadilika, mabadiliko hayo yana sababu inayojulikana, na yana matunzo. Ila mambo haya mawili hayakutanishwi. Mama akienda kwa daktari wa wanawake anaeleza joto la usiku na kukosa usingizi, ulimi hautaji. Akija kwenye meno anafungua mdomo na kuonyesha gego linalouma, hedhi haitaji, na mara nyingi hakuna anayemuuliza. Jino linang'olewa, anakwenda zake, na msimu mwingine wa korosho anarudi na la pili. Inaniuma sana, kwa sababu mengi ya meno hayo yangeweza kubaki.

Maneno ninayoyasikia yanafanana, awe mama wa Chikongola au wa Newala. "Mdomo unakauka na kukaza kama nimekula bibo bichi." "Ulimi unawaka na pilipili sijagusa." "Meno yamekuwa marefu." "Chakula nakionja, nahisi chuma." Mama mmoja aliniambia ameacha kutafuna korosho za shamba lake mwenyewe.

Twende kwenye sababu. Kitabibu hedhi inahesabika imekoma pale miezi 12 inapopita mfululizo bila kuona siku zako. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55, ila homoni huanza kuyumba miaka kadhaa kabla. Aliyetolewa ovari zote mbili kwa upasuaji hufika ghafla, hata kama ana miaka 38. Homoni inayoshuka ni estrojeni. Tumezoea kuitaja kwenye habari za uzazi tu, lakini vipokezi vyake viko pia kwenye fizi, kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo na kwenye tezi za mate. Ikishuka, ngozi hiyo inakuwa nyembamba, fizi zinaweza kupauka au kuwa nyekundu za kung'aa na kutoka damu kwa kuguswa tu, na mate yanapungua au kuwa mazito.

Mate hayathaminiwi, na ndiyo mlinzi mkuu wa meno. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Yanaosha mabaki, yanapunguza ukali wa asidi, yanalirudishia jino madini ya kalsiamu na fosfeti, na yana kinga inayozuia fangasi na bakteria wasizidi. Yakipungua, chai ileile ya sukari uliyokunywa miaka 30 bila shida inaanza kutoboa meno. Na yanatoboka mahali pabaya: kwenye mzizi. Fizi ikishuka mzizi unabaki wazi, nao hauna lile gamba gumu la juu ya jino, kwa hiyo asidi kidogo tu inautosha. Tundu la mzizini huwa haliumi mapema. Mama anakuja jino limeshakatika usawa wa fizi.

Halafu mifupa. Estrojeni ndiyo iliyokuwa inazishika breki chembe zinazomeng'enya mfupa. Katika miaka 5 hadi 7 ya kwanza baada ya hedhi kukoma, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake, na taya nalo ni mfupa. Jino linalocheza mara nyingi ni mkusanyiko wa mambo mawili: mfupa uliopungua, na ugaga wa miaka mingi chini ya fizi ambao haujawahi kukwanguliwa. La kwanza linakuja lenyewe, la pili tunaweza kulitoa. Ndiyo maana nasema fizi za damu zisafishwe mapema, zisisubiriwe mpaka meno yalegee.

Cha kufanya nyumbani hakina gharama kubwa. Mswaki laini, mara mbili kwa siku, na wa usiku usikosekane, kwa sababu ukilala mate karibu yanasimama. Dawa ya meno iwe na madini ya floraidi, soma kwenye boksi, kipimo cha 1000 hadi 1500 ppm kinafaa. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, acha floraidi ibaki juu ya meno. Kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa. Sukari na soda viende pamoja na mlo, si kuvikokota kutwa nzima. Dagaa wakavu wanaoliwa mzima na mifupa yake ni kalsiamu nzuri na sokoni hawakosekani. Ugoro na tumbaku ya kutafuna acha kabisa.

Na ukija kwenye meno, sema mwenyewe bila kuulizwa: "Hedhi yangu imekoma mwaka fulani, na dawa ninazotumia ni hizi." Sentensi hiyo inabadilisha namna unavyopimwa.

Karibuni kwa maswali, na kina baba msikae kimya.

---

Binti wa Mikindani

Asante sana dada. Umemwandika mama yangu. Ana miaka 52, anauza samaki, ana presha ya muda mrefu. Mdomo unamkauka hadi kuongea na wateja ni shida, kwa hiyo kutwa ana pipi ya mnanaa mdomoni. Mwaka huu meno mawili yametoboka pembeni karibu na fizi, kama ulivyoeleza. Je, dawa za presha zinahusika?

Tabibu wa Kusini

Zinaweza kuhusika, mdogo wangu. Dawa za presha za kukojosha, kama frusemaidi, hukausha mdomo. Captopril inajulikana kwa kuharibu ladha. Nje ya presha kuna amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, na hata piritoni ambayo watu wanainunua duka la dawa kila wakipiga chafya. Mama wa umri huu ana homoni iliyoshuka, na dawa mbili tatu juu yake, basi mate yanabanwa pande zote.

Asiache dawa ya presha hata siku moja kwa sababu ya mdomo. Kiharusi ni kikubwa kuliko jino. Achukue maboksi yote ya dawa, ayaweke kwenye mfuko, ampelekee daktari wake wa presha na kumwambia mdomo unakauka. Mara nyingine dawa inabadilishwa, mara nyingine saa ya kumeza tu.

Pipi ndiyo inayomaliza meno, kwa sababu sukari inakaa mdomoni kutwa na mate ya kuiosha hayapo. Mpe chupa ya maji pale mezani pake. Kama anataka kitu cha kutafuna, bigijii isiyo na sukari inasaidia kuamsha tezi. Apimwe na sukari ya damu, maana kisukari nacho hukausha mdomo na kuharibu fizi, na fizi zilizooza nazo hufanya sukari iwe ngumu kushuka.

---

Mzee wa Tandahimba

Binti, nimesoma yote na nakuheshimu kwa elimu yako. Lakini bibi zetu walikoma hedhi bila kusikia habari za estrojeni, wakapiga mswaki wa mti, wakafa na meno yao. Hii isije ikawa biashara ya kuuza dawa za meno.

Tabibu wa Kusini

Shikamoo baba. Mswaki wa mti siupingi hata kidogo. Mti wenyewe una viambato vinavyopunguza bakteria, na Shirika la Afya Duniani liliuunga mkono tangu 1986. Anayeutumia vizuri, akaupitisha taratibu kwenye kila jino hadi magego ya nyuma, anasafisha kweli. Kasoro yake ni kwamba wengi wanaishia meno ya mbele.

Ila bibi zetu walikula ugali wa muhogo, ming'oko na samaki. Soda, biskuti na chai yenye vijiko vinne vya sukari havikuwa chakula cha kila siku. Na baba, si wote waliokufa na meno. Wengi tuliwaona wakisagiwa chakula, tukasema ni uzee.

Kitu kimoja cha zamani nakipinga moja kwa moja, nacho ni kusugua kwa mkaa au mchanga. Mzizi uliobaki wazi unalika haraka, na meno yanaanza kufa ganzi kwa maji ya baridi.

Mzee wa Tandahimba

Marahaba. Hapo kwenye mkaa umenigusa, mama watoto ndiyo kazi yake kila asubuhi. Nitamwambia.

---

Mama wa Nachingwea

Dada tabibu, mimi swali langu ni ulimi. Nina miaka 50, siku zangu nimeziona mara ya mwisho mwaka juzi. Ulimi unawaka kuanzia ncha, na midomo kwa ndani. Nikiamka asubuhi niko vizuri, ikifika saa nane mchana sitamani hata kuzungumza. Nikila au nikinywa maji unapungua, kisha unarudi. Nimepewa dawa ya fangasi mara tatu, haikusaidia. Kila anayeangalia anasema ulimi ni mzima. Nyumbani wameanza kusema nimetupiwa kitu. Nimelia sana.

Tabibu wa Kusini

Pole sana dada yangu. Nisikilize vizuri: hujatupiwa kitu, wala hujifanyi mgonjwa. Unavyoeleza, asubuhi nafuu, mchana moto, ukila unapungua, na mdomo kwa macho hauna kasoro, inafanana kabisa na ugonjwa wa kinywa kuwaka, na wanaoupata zaidi ni wanawake waliokoma hedhi. Shida iko kwenye neva zinazobeba hisia za maumivu na ladha, si kwenye ngozi ya ulimi, ndiyo maana hakuna kinachoonekana kwa tochi. Na ndiyo maana dawa ya fangasi haikugusa kitu.

Lakini kabla ya kuuita hivyo lazima mengine yaondolewe kwanza, kwa sababu yanatibika moja kwa moja. Damu iangaliwe: wekundu wa damu, madini ya chuma, foleti na vitamini B12. Kama unatumia metformini kwa ajili ya kisukari, liseme hilo, kwa sababu dawa hiyo ikitumika miaka mingi hushusha B12, na B12 ikishuka ulimi unawaka. Sukari ipimwe. Tezi ya shingo ipimwe. Kama una meno bandia, yaangaliwe kama yanakwaruza. Na niulize, macho yako nayo yamekauka, yanakwaruza ukipepesa, na viungo vinauma? Mdomo mkavu na macho makavu kwa pamoja yanaweza kuwa ugonjwa wa Sjögren, ambao kwa sehemu kubwa huwapata wanawake wa umri wetu huu, na huo una daktari wake.

Vyote vikiwa safi, zipo dawa za kutuliza neva ambazo daktari huzipanga, nyingine ni za kunyonya na kutema. Haziondoi moto siku moja, zinaupunguza taratibu. Wakati unasubiri, weka kando pilipili, ukwaju, embe bichi, na dawa ya meno yenye mnanaa mkali. Dawa ya kusukutua yenye spiriti usiiguse. Barafu ndogo ya kunyonya inatuliza.

Nenda hospitali yenye kitengo cha kinywa na meno pamoja na maabara. Kwa Lindi anzia Sokoine, na Nyangao pia hupokea wengi. Kwa wa Mtwara ipo Ligula, na Ndanda kwa upande wa Masasi. Chukua mtu wa nyumbani muende naye, asikie mwenyewe kwa masikio yake.

Mama wa Nachingwea

Macho yanakwaruza, ndiyo. Nilidhani ni vumbi. Nitakwenda na mdogo wangu wa kike. Asante, angalau nimejua kuna mwingine anayeumwa hivi.

---

Kungwi wa Mtama

Wanangu hamjambo. Anayeniandikia hapa ni mjukuu wangu, maneno ni yangu.

Nimewatoa wari wengi. Tunamfundisha mtoto kuona siku zake, usafi wake, heshima, mume, mimba. Siku zikikatika, hakuna anayemwita mwanamke ndani akamwambia kinachokuja. Kila mmoja anakutana nacho peke yake, na kwa sababu anaona haya, anasema anaumwa malaria. Mimi mwenyewe meno ya chini yalianza kucheza miaka ile ile, na hakuna aliyeniunganishia.

Tabibu, ukipewa nafasi ungekuja kukaa na kina mama wakati wa ngoma? Wakati ule wote wapo, kuanzia wasichana hadi bibi.

Tabibu wa Kusini

Shikamoo mama. Nitakuja, na nashukuru kwa wito huo. Sina mahali bora pa kuyasemea haya, maana kliniki nawapata mmoja mmoja, tena wakiwa tayari na maumivu. Nitaongozana na muuguzi wa afya ya uzazi ili yale ya joto na usingizi ayaeleze yeye. Mjukuu anitumie ujumbe wa faragha, tupange.

Meno yako ya chini bado yapo, mama? Kama yapo yanayocheza, usikubali yang'olewe kabla hayajapigwa picha na ugaga kutolewa. Yapo yanayokaza tena fizi zikipona.

---

Mume wa Masasi

Naomba kuuliza bila kuficha. Mke wangu ana 49. Harufu ya mdomo imebadilika sana, naye anajua, siku hizi anaongea na mkono mdomoni. Tumekuwa hatukaribiani. Sitaki kumuumiza kwa kumwambia.

Tabibu wa Kusini

Kaka, umefanya vema kuuliza. Mate yakipungua, bakteria wa nyuma ya ulimi na chini ya fizi wanazaliana na kutoa harufu, hata kwa mtu anayepiga mswaki kila siku. Si uchafu wake. Usimwambie "unanuka". Mwambie umesoma kwamba umri huu fizi zinahitaji kusafishwa, na muende wote wawili, maana na wewe ugaga unao. Asugue na ulimi kwa mswaki laini kila usiku.

---

Nesi Mstaafu, Lindi

Tabibu, kuna jambo hujaligusa, na mimi nimeliona kazini. Wamama wanaopewa dawa za mifupa, na zaidi wale wa saratani ya matiti iliyofika kwenye mifupa wanaochomwa sindano ya asidi ya zoledroniki. Tafadhali lieleze, kwa sababu wanang'oa meno bila kusema.

Tabibu wa Kusini

Asante sana mama, hili linastahili uzi wake.

Dawa za kuzuia mfupa usimeng'enywe, kama vidonge vya alendroneti na sindano uliyoitaja, zinasaidia kweli, zinazuia nyonga na uti wa mgongo kuvunjika. Lakini zinakaa ndani ya mfupa kwa miaka, na taya linalotibiwa nazo huwa zito kupona likijeruhiwa. Tangu 2003 madaktari wameeleza wagonjwa ambao baada ya kung'oa jino shimo halikuziba, mfupa ukabaki wazi na kufa. Kwa wanaotumia vidonge hutokea kwa nadra. Kwa wanaopata sindano za dozi kubwa za saratani hatari ni kubwa zaidi. Sindano ya denosumabu, nyingine ya kulinda mifupa, nayo ina hatari hiyo.

Kwa hiyo: kabla ya kuanza dawa hizo, pita kwenye meno kwanza. Jino lisilookoka ling'olewe mapema, jeraha lipone, ndipo dawa ianze. Kama umeshaanza, usiikatishe mwenyewe, ila mtajie dawa hiyo kila atakayekugusa mdomo, hata kama sindano ya mwisho ulichomwa miaka iliyopita. Na jino likiuma, kuna njia ya kutibu mzizi na kuliziba bila kuling'oa.

Niongeze hapo hapo, kidonda chochote cha mdomoni au doa jeupe au jekundu lisilopona ndani ya wiki 2, usikae nalo. Hasa kwa watumiaji wa ugoro, tumbaku na tambuu.

Binti wa Mikindani

Na vidonge vya homoni vyenyewe je? Jirani amesema vinarudisha kila kitu.

Tabibu wa Kusini

Vinapunguza joto na vinalinda mifupa, na wengine mdomo unapata nafuu. Lakini havitolewi kwa ajili ya meno peke yake, na kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida havitolewi kabisa. Aamue daktari wa wanawake baada ya kumpima. Vya kuazimana na jirani, hapana.

---

Mjukuu wa Kilwa

Bibi yangu ana 68, ana meno bandia ya juu tangu zamani. Siku hizi yanaanguka akicheka, na kaakaa limekuwa jekundu sana. Hayavui hata usiku, anaona aibu. Pembe za midomo zimechanika. Tununue mengine?

Tabibu wa Kusini

Usinunue bado. Jino likishatoka, mfupa uliolishikilia unaendelea kupungua mwaka hadi mwaka, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi kasi huwa kubwa zaidi. Taya limepungua, meno bandia yamebaki na umbo lile lile, lazima yaanguke. Mara nyingi yanaweza kujaziwa upande wa ndani yakakaa upya.

Huo wekundu na pembe zilizochanika inaelekea ni fangasi. Bibi atibiwe yeye, na meno yenyewe pia yasafishwe kwa dawa, la sivyo yatamwambukiza tena. Kuanzia leo usiku yatoke mdomoni: yasuguliwe kwa mswaki na sabuni ya kawaida, maji yasiwe ya moto kwa sababu yatapinda, kisha yalale kwenye bakuli la maji safi lenye kifuniko. Kama ni aibu, bakuli likae chumbani kwake, asiwepo wa kuliona. Fizi na kaakaa mpitishie kitambaa safi chenye maji.

Siku mtakayomleta aje ameyavaa, yasiwe kwenye mkoba. Lazima nione yanavyokaa akiongea na akitafuna.